Mlinzi wa Msitu Naye Alindwe

Yapo majina yanayosikika mara kwa mara katika mikutano yetu ya haki na amani: polisi, hakimu, mtendaji wa kijiji, mwajiri. Jina la mlinzi wa msitu halisikiki. Hutajwa siku ile tu anapomkamata jirani yetu na gunia la mkaa, na hapo hutajwa kwa hasira. Kisha husahauliwa, naye hurudi mlimani kwake.

Katika kurasa hizi tunapenda kumtazama mtu huyu kwa utulivu. Msimamo wetu tunautamka tangu mwanzo, ili msomaji asipate shida ya kuutafuta: haki ya msitu, haki ya mlinzi na haki ya mwanakijiji maskini ni kamba moja yenye nyuzi tatu. Anayeukata uzi mmoja ili kuuimarisha mwingine ataikuta kamba yote imekatika.

KAZI YENYEWE

Wengi hudhani kwamba kazi ya mlinzi wa msitu ni kukaa kizuizini barabarani na kukagua magari ya mbao. Hiyo ni sehemu ndogo. Kazi kubwa iko ndani, mahali pasipofika gari wala pikipiki. Mlinzi hufuata mpaka wa hifadhi kwa miguu, akitazama kama vigingi vimeng'olewa na kama shamba la mtu limesogea. Hutafuta mitego ya nyaya na kuitegua. Hutafuta mashimo ya kupasulia mbao, matanuri ya mkaa, na pengine bustani za bangi zilizofichwa kati ya miti. Hulala porini usiku mmoja, miwili, mitatu, kisha huandika taarifa ya aliyoyaona.

Tena mapori yetu ya Nyanda za Juu Kusini hayana huruma. Kilele cha Mlima Rungwe kinapita mita 2,900 kutoka usawa wa bahari, na mvua huko hunyesha karibu mwaka mzima. Uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake, hupata jalidi miezi ya Juni na Julai. Huko Mufindi, katika Shamba la Miti la Sao Hill, adui mkubwa ni moto: kiangazi kikikolea, mtu mmoja akichoma majani shambani mwake bila kuulinda moto huo, kazi ya miaka ishirini huweza kuwa majivu kwa siku moja. Mlinzi ndiye wa kwanza kuukabili, mara nyingi kwa matawi mabichi na koleo.

Mtu anayefanya kazi hiyo anastahili kuulizwa: Je, buti anazo? Koti la mvua je? Akivunjika mguu bondeni, nani atamfikia, na kwa muda gani?

ANALINDA NINI?

Tusidhani kwamba mlinzi analinda miti tu. Maji ya Mto Ruaha Mkuu hutoka katika vijito vya milima ya Uporoto na Kipengere, yakapita katika mashamba ya mpunga na ardhi oevu ya Usangu, ndipo yakafika bwawa la Mtera na baadaye Kidatu, kunakofuliwa umeme. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Sababu si moja. Umwagiliaji usio na mpango huko bondeni umechangia sana. Lakini chemchemi ikifa mlimani, hakuna hekima ya bondeni itakayoirudisha. Basi taa inayowaka Dar es Salaam ina deni kwa mtu aliyelowa mvua juu ya Uporoto, wala mwenye taa hajui.

Yako pia mambo ambayo dunia nzima hainayo ila sisi. Mwaka 2005 wataalamu waliutangazia ulimwengu habari za kima ambaye hawakuwa wamemjua, aliyepatikana katika misitu ya Rungwe na Livingstone na vilevile katika safu za Udzungwa. Aliitwa kipunji. Ukweli ni kwamba jina hilo hawakulitunga wao. Walilipata kwa wanakijiji wa Rungwe, ambao wawindaji wao walikuwa wakimjua mnyama huyo. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilionyesha kwamba wamebaki 1,117 tu katika dunia nzima. Mwaka uliofuata, Mlima Rungwe ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia.

Habari hiyo ya kipunji inatufundisha jambo kubwa kwa hoja yetu. Mwanakijiji alijua kabla ya mtaalamu. Mlinzi anayeingia msituni kama mgeni, akimhesabu kila mwanakijiji kuwa mwizi, anajinyima macho elfu moja ambayo yangemsaidia.

MLINZI ASIYE NA MSHAHARA

Walinzi ni wa aina mbili. Wako walioajiriwa na Serikali. Wengi wa hao wako chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ulioundwa mwaka 2010. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020, wao ni sehemu ya Jeshi la Uhifadhi wa Wanyamapori na Misitu, wenye vyeo, sare na nidhamu ya kijeshi. Mshahara wao, mdogo au mkubwa, unajulikana siku yake.

Wako wengine, ambao ni wengi katika vijiji vyetu na hawasemwi. Hao ni walinzi waliochaguliwa na kijiji, chini ya Kamati ya Maliasili. Mkoani Iringa walianza kuonekana kwa wingi tangu mwisho wa miaka ya 1990, wakati mradi wa Matumizi Endelevu ya Misitu Asilia, uliosaidiwa na Denmark, ulipovifundisha vijiji kusimamia misitu. Baadaye Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliupa mpango huo nguvu. Pale msitu ulipo katika ardhi ya kijiji, kijiji ndicho mwenye mali, na mapato yake hubaki kijijini. Pale msitu ulipo hifadhi ya Serikali, kama ule wa New Dabaga-Ulangambi wilayani Kilolo, kijiji huingia ubia wa ulinzi.

Mpango wenyewe ni mwema, nasi tunausifu. Ila tunataja kasoro yake bila kificho. Katika misitu ya maji, ambayo haikatwi mbao, kijiji hupewa mzigo wa doria, na faida inayopatikana ni kuni kavu, asali, uyoga, dawa, na sehemu ya faini. Kwa miaka mingi mikataba mingi ya ubia ilibaki bila kutiwa sahihi, kwa kuwa suala la mgawo wa mapato halikuwa limeamuliwa. Wakati huohuo mkulima mwenye watoto watano aliendelea kuacha jembe lake mara moja au mbili kwa juma ili akalinde maji yanywewayo mjini. Akikamata wakosaji wengi, hupata posho kidogo kutokana na faini. Akifanya kazi yake vizuri hata wakosaji wakakoma, posho nayo hukoma. Ni mpango gani huu unaomlipa mlinzi kwa kuwako kwa wezi, na kumwacha na njaa wezi wakiisha?

Mafundisho ya jamii ya Kanisa, tangu barua ya Papa Leo XIII ya mwaka 1891, yamesema kwa uthabiti kwamba mtenda kazi astahili ujira wa kumtosha yeye na nyumba yake. Hayakuongeza kwamba ujira huo unaweza kusamehewa iwapo kazi inaitwa ya kujitolea. Kujitolea kwa siku moja ni fadhila. Kumtegemea maskini ajitolee kwa miaka ishirini, kwa faida ya wengine, ni dhuluma iliyovikwa jina zuri.

SILAHA NA DHAMIRI

Hata hivyo tusimtazame mlinzi kwa upande mmoja. Sheria imempa uwezo mkubwa wa kupekua, kukamata na kutaifisha. Mbele ya mama aliyebeba mzigo wa kuni, mtu huyo ni Serikali nzima. Hakuna shahidi porini.

Taifa letu limeyaona matunda ya uwezo usio na kizuizi. Mwezi wa Oktoba 2013 ilianzishwa Operesheni Tokomeza kwa nia njema ya kuwaokoa tembo. Haikufika mbali. Mwezi wa Novemba ilisimamishwa, baada ya malalamiko ya watu kuteswa, kuuawa na kuporwa mali. Desemba, Kamati ya Bunge ilipotoa taarifa yake, mawaziri wanne walipoteza nyadhifa zao. Karibu nasi zaidi, wafugaji waliondolewa Ihefu mwaka 2006 na 2007, na mwaka 2008 Usangu ikaingizwa katika Hifadhi ya Ruaha. Migogoro ya mipaka huko haijasahaulika. Mwezi wa Aprili 2024 Benki ya Dunia ilisimamisha fedha za mradi wa utalii uliohusisha Ruaha, kutokana na malalamiko ya wanavijiji juu ya mwenendo wa askari wa hifadhi, na mwezi wa Novemba mradi huo ulifungwa. Serikali iliyakanusha malalamiko hayo. Lakini chuki iliyokwisha kuota kati ya askari na jirani yake haiondolewi kwa kukanusha.

Tunajua wapo watakaosema: majangili wana silaha, wapasua mbao wana mapanga, walinzi nao wameumizwa na kuuawa kazini. Ni kweli, wala tusiyadharau machozi ya wajane wao. Lakini jibu la hatari hiyo ni mafunzo, redio za mawasiliano, idadi ya kutosha ya watu katika kila doria, na bima kwa familia. Kumpiga mwokota kuni hakumpunguzii mlinzi hatari hata moja. Kunamwongezea adui.

Katika Injili ya Luka, sura ya tatu, askari nao walimwendea Yohane Mbatizaji wakamwuliza lililowapasa. Hakuwaambia waache uaskari. Aliwakataza kumdhulumu mtu na kumsingizia uongo, akawataka watosheke na ujira wao. Tunayapenda maneno hayo kwa sababu yanakata pande mbili. Askari atosheke na ujira wake, na anayemwajiri ahakikishe kwamba ujira huo unatosha.

YATUPASAYO

Barua ya Papa Fransisko ya mwaka 2015 juu ya utunzaji wa nyumba yetu sote iliunganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini. Basi tusiishie katika kusikitika. Tunapendekeza haya kwa halmashauri za walei na jumuiya ndogo ndogo:

Kwanza, mbao na mkaa. Anayenunua mbao zisizogongwa nyundo wala kuwa na kibali ndiye anayempeleka mpasuaji msituni. Agizo hili lihusu pia mapaa ya makanisa, nyumba za mapadre na madawati ya shule. Mhazini wa parokia adai stakabadhi ya mbao kama anavyodai ya saruji.

Pili, hesabu. Faini na ushuru wa msitu wa kijiji ni mali ya wanakijiji wote. Viongozi wa walei ambao ni wajumbe wa mkutano mkuu wa kijiji waombe hesabu hizo zisomwe hadharani, pamoja na kiasi walicholipwa walinzi. Na mlinzi alipwe kwa siku za doria, si kwa idadi ya waliokamatwa.

Tatu, malalamiko. Anayetozwa faini adai stakabadhi. Anayepigwa au kunyang'anywa mali aandike tarehe, mahali na mashahidi, kisha aletwe mbele ya kamati ya haki na amani ya parokia, ili asaidiwe kufuata njia ya sheria. Kisasi hakitatua jambo. Kumchomea mlinzi nyumba ni dhambi na ni kosa la jinai.

Nne, ujirani. Walinzi wengi walioajiriwa ni wageni katika vijiji wanavyotumwa, mbali na ndugu zao. Wakaribishwe katika jumuiya, wao na wake au waume zao. Mtu aliyesali nyumbani kwako jioni hatakuwa mwepesi kukudhulumu asubuhi, wala wewe hutakuwa mwepesi kumdanganya. Tarehe 31 Julai, siku ambayo mataifa huwakumbuka walinzi wa hifadhi, itajwe nia yao katika Misa.

Nanyi walinzi mnaosoma kurasa hizi, tunawaomba jambo moja. Mnapomkamata mtu, mwandikeni jina lake kwa usahihi, mpeni stakabadhi yake, na mwacheni arudi nyumbani na heshima yake. Msitu una sheria ya kuulinda, na ninyi mmepewa sheria hiyo mkononi. Maskini mnayekutana naye njiani, pasipo shahidi, hana ulinzi mwingine ila dhamiri zenu.