NI DAMU AU NI MAWAZO?

Mwezi huu tuzungumze juu ya hali ambayo wengi wetu tumeipitia. Mama ana mimba ya miezi mitano. Anaamka amechoka. Akitembea kidogo moyo unamwenda mbio, na neno dogo tu linamtoa machozi. Jirani anamwambia, "Hayo ni mawazo." Muuza virutubisho anayepita nyumba kwa nyumba anasema hivyo hivyo, kisha anatoa kopo la vidonge vya "kutuliza mwili na kumlisha mtoto". Bei yake ni fedha ya mboga ya mwezi mzima. Je, anunue?

Tuanze na damu. Uchovu, kizunguzungu, moyo kwenda mbio na hasira za haraka huletwa na mawazo, lakini huletwa pia na upungufu wa damu. Kwa macho hatuwezi kutofautisha. Kliniki hupima kwa damu kidogo tu, na jibu likapatikana.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linashauri kila mjamzito ameze kila siku miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Chuma hutengeneza damu. Foliki humkinga mtoto na kasoro za ubongo na uti wa mgongo, kama ule mgongo wazi. Sehemu hiyo ya mtoto hujifunga katika wiki nne za kwanza tangu mimba kutungwa, wakati wengi wetu hatujajua kama tuna mimba. Kwa hiyo anayetarajia kushika mimba aanze foliki mapema.

Vidonge hivi hutolewa kliniki, lakini vingi huishia kabatini. Sababu tunazijua: kichefuchefu, kufunga choo, na choo kuwa cheusi. Weusi huo ni wa chuma na hauna madhara. Kichefuchefu kikizidi, mezeni usiku baada ya chakula. Kunyweni maji mengi, na mle matunda na mboga za majani. Msimeze kwa chai au kahawa, kwani huzuia chuma kuingia mwilini. Acheni ipite saa moja au mbili. Chungwa au maji ya limau husaidia. Na ule udongo tunaoupenda wakati wa mimba huzuia chuma pia, na unaweza kuleta minyoo.

Je, kuongeza makopo mengine kutazidisha nguvu? Si lazima, na pengine ni hatari. Vitamini A ya vidonge ikizidi inaweza kumlemaza mtoto tumboni, na mama anayemeza makopo mawili tofauti anaweza kuizidisha bila kujua. Dawa nyingi za mitishamba za kutuliza mawazo hazijapimwa kwa wajawazito. Chochote mnachomeza, mwonyesheni muuguzi kwanza.

Sasa tuseme damu imepimwa na inatosha, lakini usingizi bado hauji. Kodi haijalipwa, au mimba iliyopita iliharibika, au maneno ya mawifi hayaishi. Hakuna kopo la vitamini linaloondoa hayo. Shirika hilo hilo linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea wajawazito wapatao 16 katika kila 100 hupata maradhi ya akili, hasa sonona. Mfadhaiko mkubwa wa muda mrefu umehusishwa na watoto kuzaliwa njiti au na uzito mdogo. Hatusemi hivi ili mama ajilaumu. Tunasema ili nyumba nzima ijue kwamba mzigo huu si wa kuachiwa mmoja.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Mwambie mwenzio waziwazi: "Baba Neema, wiki ya pili hii silali. Naomba tuongee." Kisha omba msaada unaotajika: achote maji, awapeleke watoto shule, akusindikize kliniki. Huzuni ikizidi wiki mbili, mwambie muuguzi. Kama unapigwa, au unawaza kujidhuru, usingoje tarehe ya kliniki, nenda leo. Matibabu yapo. Na aliyekuwa akitumia dawa za sonona kabla ya mimba asiziache bila kumwona daktari.

Nasi tulioshalea tuna kazi. Tukimwona mjamzito amenyong'onyea, tusimwambie "Jikaze, hata sisi tulizaa." Tumwulize maswali mawili: Umepima damu lini? Na nyumbani nani anakusaidia? Jibu la la pili likiwa "hakuna", tumchukulie ndoo.