Lubumbashi: Tablo kwenye ukuta wa biro, nani analipa?

Katika biro nyingi za Lubumbashi, mgeni anakuta vitu vile vile ukutani: picha ya Rais wa Jamhuri, kalenda ya kampuni, na mara nyingine picha ya maua ao ya mji wa Ulaya, iliyochapwa mbali na kuletwa ndani ya fremu. Tablo ya kweli, iliyochorwa kwa mkono na mtu wa mji huu, inaonekana mara chache. Na pale inapoonekana, swali la kwanza si kama inapendeza. Swali ni: imenunuliwa, ao imewekwa tu?

Kuna mapatano ambayo wachoraji wengi wanayajua. Kampuni inafungua biro mpya, ukuta ni mweupe, wageni wakubwa wanakuja. Mchoraji anaambiwa: leta tablo zako, watu wataona, utajulikana. Hakuna karatasi, hakuna bei, hakuna siku ya kurudisha. Miezi inapita. Biro imependeza, lakini mchoraji bado ana deni la rangi na turubai. Akiuliza, anaambiwa patroni yuko safarini.

Si kusema kila maonyesho ya bure ni wizi. Kuna wachoraji wanaopata wateja kwa njia hiyo, hasa kama bei na namba ya simu vinaandikwa kando ya tablo, na muda unajulikana. Shida inaanza pale maonyesho yanageuka kuwa mapambo ya kudumu ambayo hayalipiwi.

Mji huu una historia nyingine. Mwaka 1946, wakati ungali unaitwa Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha atelye iliyojulikana kwa jina la Le Hangar. Humo walitoka Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga. Mwaka 2015 kazi zao zilionyeshwa Paris, katika maonyesho makubwa ya Fondation Cartier juu ya sanaa ya Congo. Kwa hiyo mji hauwezi kusema hauna wachoraji wa kutundika.

Na wanunuzi pia walikuwepo. Katika miaka ya 1970, wafanyakazi wa Gécamines, makarani na walimu walinunua tablo za kutundika saloni: mamba muntu, fimbo za wakati wa ukoloni, kijiji cha mababu. Wachoraji kama Tshibumba Kanda Matulu walifanya kazi kwa ajili ya watu hao. Bei ilikuwa ndogo, lakini ililipwa, kutoka mshahara wa mfanyakazi. Kama karani aliweza kutoa makuta yake, kampuni inayonunua meza, viti na klimatizeri bila kuomba bure, inaweza pia kuweka tablo kwenye bajeti hiyo hiyo. Fundi wa viti haambiwi kwamba atajulikana.

Upande wa sheria kuna jambo ambalo makampuni mengi yanalisahau. Amri-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za mtunzi nchini Congo, wachoraji wakiwemo. Mwenye kununua tablo anapata kitu chenyewe. Hajapata ruhusa ya kuichapa kwenye kalenda ya mwisho wa mwaka, kwenye kadi za salamu ao kwenye matangazo. Hilo linaombwa kwa mchoraji, na linaweza kuwa na bei yake. SOCODA ndilo shirika lenye kazi ya kusimamia haki za watunzi nchini.

Suluhisho halihitaji sheria mpya. Linahitaji ukurasa mmoja wenye sahihi mbili. Kama kampuni inanunua: bei na siku ya malipo. Kama inakodi: kiasi cha kila mwezi. Kama ni maonyesho tu: siku ya kuanza na siku ya kurudisha. Katika hali zote tatu iandikwe nani atalipa tablo ikiloa mvua ya dari, ikipauka kwa jua la dirisha, ao ikipotea siku ya kuhama. Mchoraji naye atie sahihi kwenye tablo, apige picha yake kabla ya kuiacha, na abaki na kopi ya karatasi.

Makampuni yatafaidika pia. Mgeni anayeingia katika biro ya Lubumbashi na kukuta tablo ya Lubumbashi anajua mara moja amefika wapi. Shaba ya Katanga inapita barabarani kila siku kwenda kuuzwa mbali, na hakuna anayeipakia bure. Kazi ya mikono ya watoto wa mji huo huo inastahili faktire yake.