SHEREHE YA SIKU MOJA, NJAA YA MIEZI

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyeteremsha mvua na kuotesha nafaka, na tunamwomba amshushie rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, huku kwetu Singida mvua ni ya msimu mmoja tu. Huanza Novemba au Desemba, na ikifika Mei imekwisha katika. Kuanzia hapo ni upepo juu ya majabali, majani makavu na vumbi, mpaka mwaka ugeuke. Lakini kiangazi hicho ndicho wakati wetu wa neema. Uwele umepigwa na kupepetwa, alizeti imevunwa, vitunguu vimeanikwa, kuku wamenenepa kwa kuokota punje uani. Watu wana nafasi. Jioni marafiki hukaa barazani wakala karanga na kuzungumza, na ndugu walio mbali huja kutazama wazee. Ndio wakati wa nikaha, wa akika, wa khitma na wa jando.

Mimi si adui wa furaha hiyo. Uislamu hautaki harusi iwe kama matanga. Mtume (s.a.w.) aliruhusu dufu lipigwe ili ndoa itangazwe, na alimwagiza Abdurrahman bin Auf, alipooa Madina, afanye walima japo kwa mbuzi mmoja. Mwenye kukataza walima hana elimu. Ninalolipiga vita leo ni jambo jingine: walima uliogeuka kuwa mnada wa ghala.

HESABU YA GHALA

Hebu tufanye hesabu, maana wengi wetu tunaijua hesabu ya mwenye duka lakini hatuijui hesabu ya ghala letu wenyewe.

Chukua mkulima aliyebarikiwa, aliyevuna gunia 20 za uwele, kila gunia kilo 100. Nyumbani kwake wamo watu wanane. Kila mmoja akila nusu kilo kwa siku, ni kilo nne kwa siku, na kwa mwaka ni kilo 1,460, yaani gunia 14 na nusu. Zaka yake, kwa kuwa shamba limenyweshwa na mvua bila gharama ya kumwagilia, ni fungu moja katika kumi, nayo ni gunia mbili. Mbegu na wageni tuseme gunia moja. Zimebaki ngapi? Mbili na nusu. Hizo ndizo za kufanyia sherehe, za kununua nguo na za kulipia ada ya shule. Hakuna nyingine.

Sasa bwana huyu anaoza binti yake. Inaundwa kamati. Kamati inataka ukumbi mjini, mapambo, mpiga picha, mshereheshaji na gari la maharusi, na kabla ya harusi yenyewe pawepo sherehe ya jikoni na sherehe ya kumuaga binti. Michango haitoshi, na aibu ni ya baba. Anauza gunia kumi, tena mwezi Julai, wakati kila mtu anauza na bei iko chini. Zikitoka na mbili za zaka, kama ameitoa, zimebaki nane. Gunia nane kwa watu wanane ni siku 200. Anza kuhesabu tarehe 1 Julai: ghala linakuwa tupu katikati ya Januari. Na Januari ni mwezi gani kwetu? Ni mwezi wa palizi! Ndipo mwili unapohitaji ugali kuliko wakati wote, na ndipo uwele unapopanda bei. Aliyeuza gunia Julai akiwa mwenye mali, hununua debe Januari akiwa mwombaji.

Msinione nawasema watu. Nilioza binti yangu wa kwanza namna hiyo hiyo. Mimi mwalimu wa chuo, ninayewafundisha watoto wa watu ubaya wa israfu, niliuza gunia na mbuzi ili nisichekwe. Januari ile wanangu wawili walikwenda kufanya kibarua katika mashamba ya watu, na shamba letu likamezwa na majani. Mwaka uliofuata tulivuna nusu. Harusi ilikuwa ya siku moja. Malipo yake tuliyalipa misimu miwili.

MLANGO WENYE KADI

Lakini njaa haikuwa jambo baya zaidi katika harusi ile. Baya zaidi lilikuwa mlangoni.

Jirani yetu mmoja, bibi mjane, alikuwa amembeba binti yangu mgongoni tangu akiwa mchanga. Hakuwa na fedha za kuchanga, basi jina lake halikuandikwa katika daftari la kamati. Alikuja siku ile amevaa kanga zake mpya, amebeba kuku mmoja miguuni. Vijana waliosimama mlangoni walimuuliza kadi. Hakuwa na kadi. Walimrudisha pamoja na kuku wake, na mimi nilikuwa ndani, kiti cha mbele, nikisubiri kuitikia dua. Nilipata habari kesho yake. Nilipokwenda kumwomba radhi aliniambia, "Hapana ubaya mwanangu, niliona wageni ni wengi." Januari, alipopata habari ya watoto wangu, alituletea mlenda mkavu na vibaba vinne vya uwele.

Enyi ndugu, Mtume wetu (s.a.w.) ametuonya, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba chakula kibaya kuliko vyote ni kile cha walima wanachoalikwa wenye mali na kuachwa mafakiri. Hakusema kibaya kwa kuwa nyama ilikuwa mbichi au wali uliungua. Ubaya wake umo katika orodha ya waalikwa. Na leo tunaichapa orodha hiyo: kadi ya singo kwa aliyetoa kidogo, kadi ya dabo kwa aliyetoa zaidi, na asiyetoa kitu hana kadi. Tumeuweka mlango wa sunna chini ya ulinzi wa fedha.

WANAVYOJITETEA

Wako wanaosema, "Michango ni kusaidiana, na kusaidiana ni amri ya dini." Nawajibu: kweli, lakini tazameni jinsi Mtume (s.a.w.) alivyosaidiwa. Aliporejea kutoka Khaybar, mwaka wa 7 wa Hijra, alimwoa Bibi Safiyya njiani. Hapakuwa na mkate wala nyama. Ilitandikwa ngozi chini, ikatangazwa kwamba mwenye chochote akilete. Huyu akaja na tende, yule akaja na samli, mwingine akaja na jibini kavu. Vikachanganywa, watu wakala. Huo ndio mchango. Kila mmoja alileta alicho nacho, na hakuna aliyekatazwa kula kwa sababu hakuleta. Na kuna mke wake mwingine ambaye walima wake ulikuwa vibaba viwili vya shayiri. Vibaba viwili! Sisi tungeona haya kuwapa kuku wetu kiasi hicho mbele ya wageni.

Nasi tulikuwa na desturi kama hiyo. Nilipokuwa kijana, harusi ikikaribia, wanawake walikuja na unga katika vikapu, vijana walipasua kuni na kuteka maji, wazee walileta mbuzi au neno la busara. Ugali wa uwele ulisongwa katika masufuria makubwa, kuku walichemshwa, na wali ulikuwa kitu cha kuonja. Watu walikaa majamvini chini ya mti. Njaa ya mwaka 1974 ilikuwa haijasahauliwa. Hapana mzee ambaye angekubali ghala lifunguliwe kwa ajili ya kupiga picha.

Wengine wanasema, "Zama zimebadilika, watu watatucheka." Nawauliza: wanaokucheka Julai, watakuletea unga Januari? Katika uzoefu wangu, aliyeniletea ni yule niliyemfungia mlango.

Na wengine wanasema, "Chakula cha nyumbani ni cha kishamba." Subhanallah! Kuku wa Singida wanapakiwa kila siku kupelekwa Dar es Salaam, na wenye mahoteli huwauza kwa sifa. Alizeti yetu inakamuliwa hapa hapa, mafuta yake yakaenda mbali. Halafu sisi wenyewe, siku ya furaha yetu, tunauza kuku wa uani ili tununue kuku wa mabanda, na tunapika pilau kwa mafuta ya mawese yaliyovuka bahari kutoka Malaysia! Tunaona haya kwa kile ambacho wengine wanakitamani.

AYA MOJA, MAMBO MATATU

Katika Sura ya sita, al-An'am, aya ya 141, Mwenyezi Mungu anazungumza na mkulima waziwazi. Anataja mabustani, mitende na mazao ya ladha mbalimbali, kisha anamwambia mambo matatu kwa mpango: ale matunda yake, atoe haki yake siku ya kuvuna, na asifanye israfu. Angalieni utaratibu huo. Kula kumeruhusiwa. Haki ya fakiri imetajwa siku ile ile ya kuvuna, si baada ya kikao cha kamati. Na israfu imekatazwa hapo hapo penye mavuno, kwa kuwa Muumba anajua kwamba mtu hufuja pindi akiwa nacho.

Basi mwenye kuvuna nafaka iliyofika nisabu, nayo ni wasaki tano, takriban kilo 650, na akaiuza kwa ajili ya ukumbi kabla ya kuitolea zaka, ajue kuwa amewakaribisha wageni wake kwa mali ya mafakiri. Na mafakiri wenyewe wako nje ya mlango.

TUFANYE NINI?

Kwanza, siku nafaka inapoingia ghalani, baba na mama wa nyumba wakae waihesabu. Watoe zaka. Watenge chakula cha mpaka mavuno mengine, kama Nabii Yusuf (a.s.) alivyowaelekeza watu wa Misri kuweka akiba katika miaka ya neema. Kitakachozidi, hicho ndicho kiamue ukubwa wa harusi.

Pili, walima urudi nyumbani. Upikwe uani na majirani, uliwe mchana chini ya mti, na wa kwanza kualikwa wawe wajane, mayatima na wanafunzi wa chuo. Pasiwe na kadi. Anayetaka kumsaidia mwenye harusi alete alicho nacho, kisisomwe jina lake wala kiasi chake.

Tatu, kila nyumba iwe na bustani. Najua mtasema kiangazi maji ni taabu. Ni kweli; mama zetu huyatafuta alfajiri. Lakini tazameni maji tunayoyamwaga. Maji yaliyokwisha tawadhiwa ni tohara. Hayafai kutawadhia tena, lakini mchicha hauswali. Maji ya kuoshea mchele, maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi, yote ni ya bustani. Chimba matuta mafupi karibu na jiko, tia samadi ya mbuzi na ya kuku, funika udongo kwa nyasi kavu jua lisinyonye maji, piga uzio wa miiba kuku wasichakure. Hatua sita kwa nne zinatosha kwa mchicha, bamia, nyanya na mpapai mmoja. Na majani ya kunde na mlenda ya wakati wa mvua yakaushwe kivulini yawekwe, kama bibi zetu walivyofanya. Nyumba yenye kitoweo chake haiuzi gunia ili kununua mboga.

Tena bustani ni ibada. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Mwislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Hata yule shorewanda anayekudonolea nyanya anakuandikia thawabu. Je, ukumbi wa kukodi ulikuandikia nini?

Nne, na neno hili natuambia sisi tunaovaa kanzu. Lawama kubwa ni yetu. Tunaalikwa kumbini, tunapewa viti vya mbele na bahasha, tunasoma dua na kunyamaza. Mfuasi atajuaje kuwa ni israfu ikiwa sheikh wake ameketi katikati yake akitabasamu? Imamu aulize kabla ya kufungisha nikaha: zaka imetoka? Maskini wamealikwa? Chakula cha watoto kimebaki? Akijibiwa kuwa harusi imelila ghala, aifungishe nikaha, kwa kuwa ndoa ni halali, kisha ainuke aende zake nyumbani, na ukumbini asionekane.

Binti yangu wa pili nilimwoza nyumbani. Tulichinja mbuzi wawili na kuku, tukasonga ugali, tukapika wali kidogo, na kachumbari ya vitunguu na nyanya za bustani ya mama yao. Nilikwenda mwenyewe, kwa miguu yangu, kumchukua yule bibi mjane. Aliketi karibu na bibi harusi, akala, akamwombea dua kwa lugha ya Kinyaturu mpaka watu wakalia. Wako waliocheka, na majina yao siyakumbuki. Januari ile tulipalilia shamba letu tukiwa tumeshiba.

Mwenyezi Mungu atuepushe na israfu, azibariki ghala zetu, na azifanye furaha zetu ziwe na nafasi kwa mafakiri wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.