Risasi ya mbali, hasara ya karibu

MWEZI Julai, wakati wakulima wa Tunduru wanapuliza salfa kwenye mikorosho yao, wageni wa uwindaji wa kitalii huanza kuingia nchini. Katika mizigo yao zimo bunduki zenye vibali na visanduku vya risasi. Kijijini hakuna anayeuliza ni risasi za aina gani. Jambo hilo huachiwa mgeni mwenyewe, mwindaji bingwa anayemwongoza na mamlaka iliyotoa kibali.

Hata hivyo, risasi ikimjeruhi nyati bila kumuangusha, mgeni atapanda ndege siku yake ikifika na nyati atabaki porini. Watakaokutana naye ni mama anayetafuta kuni, mrina asali au kijana anayelinda shamba la mpunga usiku. Dume la nyati lina uzito wa kilo 500 hadi 900, na akiwa na jeraha huingia kichakani na kusubiri. Wawindaji wazoefu wenyewe humwogopa huyo kuliko mzima.

Ndiyo maana mtindo mpya wa kuwinda kwa mbali unapaswa kuwashughulisha wakulima na wafanyabiashara wa vijiji vinavyopakana na vitalu. Katika miaka ya karibuni, hasa nchini Marekani, vifaa vya kupima umbali kwa mwanga wa leza na darubini zenye vipimo vya kurekebisha shabaha vimewafanya wawindaji wengi waamini kuwa mita 500 au 600 ni umbali wa kawaida. Risasi nazo zimefuata. Mfano mzuri ni 6.5 Creedmoor, iliyoingia sokoni mwaka 2007 na kutengenezwa kwanza kwa ajili ya mashindano ya kulenga shabaha. Kichwa chake ni chembamba na kirefu, kinapasua upepo vizuri, na bunduki yake hairudi nyuma kwa nguvu ya kumuumiza mpigaji bega. Kwa karatasi ya shabaha, na kwa swala wa wastani katika umbali wa kiasi, ni risasi nzuri.

Nyati si karatasi. Kichwa cha risasi ya 6.5 Creedmoor kina uzito wa gramu 9 hivi. Kile cha .375 H&H Magnum, risasi iliyotolewa na kampuni ya Holland & Holland ya Uingereza mwaka 1912 na ambayo bado inatumika Afrika nzima, kina gramu 19 na ushei. Inapotoka kwenye mtutu, .375 inabeba nguvu karibu mara mbili ya nyingine. Ni nguvu hiyo, pamoja na uzito na kichwa kisichovunjika ovyo, inayopita kwenye ngozi nene, misuli na mbavu mpaka kufika kwenye moyo na mapafu. Kwa sababu hiyo .375 ndiyo kipenyo cha chini kinachokubalika kwa wanyama wakali kama nyati na tembo katika vitalu vya Tanzania.

Tatizo ni kwamba kipenyo peke yake hakitoshi. Hiyo .375 yenyewe, ikifika mita 300, imeshapoteza zaidi ya theluthi moja ya nguvu iliyotoka nayo. Aina ya kichwa nayo ina kazi yake. Kichwa laini hutanuka kama uyoga kikiingia mwilini na kufanya jeraha pana, lakini kinahitaji kasi ya kutosha ili kitanuke. Kikifika kimechoka hupenya kama msumari tu. Kichwa kigumu hakitanuki, kinapita moja kwa moja, na ndicho kinachofaa kwa fuvu la tembo. Wawindaji wengi wa nyati huanza na laini, kisha hufuatisha ngumu mnyama akiwa anakimbia.

Tena kuna muda. Kwa mita 500, risasi za kisasa za mbali huchukua karibu robo tatu ya sekunde kufika. Huo ni muda mdogo kwa mtu anayesoma gazeti, lakini nyati anayetembea taratibu atakuwa amesogea karibu mita nzima. Bunduki iliyorekebishwa kwa mita 200 itashuka zaidi ya mita moja ikifika mita 500, na upepo wa kawaida wa alasiri unaweza kuisukuma pembeni nusu mita. Eneo la moyo na mapafu ya nyati halizidi sana ungo mdogo. Darubini husahihisha mshuko, na kwa fundi husahihisha hata upepo. Hatua ya mnyama haisahihishwi na chombo chochote, kwa kuwa hakuna ajuaye ataipiga lini.

Katika misitu ya miombo ya kusini suala hilo huwa dogo, maana macho hayafiki mbali na nyati wengi hupigwa ndani ya mita 100. Hatari ni kubwa zaidi kwenye mbuga za wazi na mabondeni wakati wa kiangazi, nyasi zikishaungua, ambapo pofu anaonekana kutoka kilima kingine. Pofu hahesabiwi kuwa mnyama mkali, hivyo risasi ndogo huruhusiwa, ingawa dume lake linaweza kufikia uzito wa nyati mkubwa. Mgeni mwenye darubini mpya hapo hushawishika.

Nani hulipa? Kwa kawaida ya biashara hii, mnyama aliyejeruhiwa akapotea hulipiwa kama aliyeuawa. Kwa hiyo serikali imepata ada yake, na kampuni imemaliza hesabu na mteja. Upande wa kijiji, kanuni za mwaka 2011 zilipoanza kutumika ziliweka kifuta machozi cha shilingi milioni 1 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama mkali. Safari moja ya mgeni wa kuwinda nyati na wanyama wengine huweza kufika makumi ya maelfu ya dola. Mkulima anajua kupiga hesabu hiyo bila msaada wa mtaalamu.

Kuna hasara nyingine isiyoandikwa popote. Habari zikienea kwamba kuna nyati mwenye jeraha upande wa mto, watu hawaendi shambani. Salfa hurudiwa kila baada ya wiki mbili au tatu, na duru moja ikirukwa wakati mikorosho inatoa maua, ubwiriunga hauna huruma. Mkulima aliyebaki nyumbani siku 7 kwa hofu hakuguswa na mnyama, shamba lake halikukanyagwa, kwa hiyo hana cha kudai. Korosho zitakazopungua mnadani zitaonekana kuwa uzembe wake.

Vijiji vilivyo katika jumuiya za hifadhi ya wanyamapori, kama Nalika wilayani Tunduru au Mbarang'andu wilayani Namtumbo, vina nafasi ambayo vingine havina: vinakaa mezani na mwekezaji na kutia saini mkataba. Mikataba mingi huzungumza ada, idadi ya wanyama na ajira za vijana. Ingefaa izungumze pia umbali. Mita 100 kwa nyati na mita 250 kwa wanyama wengine ni mipaka ambayo mwindaji bingwa yeyote mwenye sifa hatailalamikia. Askari wa wanyamapori wa kijiji wanaofuatana na msafara wanaweza kukagua risasi kwa dakika moja, kwani jina lake limegongwa kwenye kitako cha ganda, na uzito na aina ya kichwa vimeandikwa kwenye kisanduku.

La pili ni fedha za amana. Kampuni iweke kiasi kilichokubaliwa mwanzoni mwa msimu, na irudishiwe msimu ukiisha endapo kila mnyama aliyejeruhiwa alifuatiliwa na taarifa ikafika kwa mtendaji wa kijiji siku ileile. Fedha ikiwa rehani, msafara hautaacha damu njiani kwa sababu tu jua limezama na mgeni amechoka. Kijiji kisicho katika jumuiya hakina mkataba huo, lakini kinaweza kudai taarifa kupitia halmashauri ya wilaya.

Kampuni zitasema masharti yatafukuza wateja. Hoja hiyo ina uzito mdogo. Anayetaka kupiga shabaha ya mita 600 ana viwanja vya kutosha kwao. Anayevuka bahari kwa ajili ya nyati huja kumsogelea kwa miguu, na hicho ndicho anachouziwa. Boone and Crockett Club, chama cha wawindaji wa Marekani kilichoanzishwa na Theodore Roosevelt mwaka 1887, chenyewe kimepinga hadharani mtindo wa kupiga wanyama kutoka mbali kupita kiasi. Bei ya risasi nayo si kikwazo: risasi nzuri ya .375 ni dola kadhaa, kiasi kisichoonekana ndani ya gharama ya safari.

Limebaki suala la nyama, ambalo wafanyabiashara wadogo na walaji hawalijui vya kutosha. Vichwa vingi vya risasi vina risasi halisi, yaani ile madini laini ambayo ni sumu, hasa kwa watoto na wajawazito. Kikipiga mfupa kwa kasi, vipande visivyoonekana kwa macho husambaa mbali na tundu. Jimbo la California lilipiga marufuku risasi za madini hayo katika uwindaji wote kuanzia Julai 1, 2019, na vichwa vya shaba tupu vinapatikana kwa .375. Nyama ya msafara inapoletwa kijijini, sehemu inayozunguka jeraha ikatwe kwa upana na kufukiwa. Wasipewe mbwa wala isiachiwe tai.