Neno la Mhariri: Jeshi Huanzia kwenye Daftari la Mishahara

Tangu Goma ianguke mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, mjadala wa usalama wa Maziwa Makuu umekwama kwenye swali la mamlaka. Je, kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilitumwa kupigana, au kusimamia tu waasi wakiondoka? Je, SADC ilizidiwa kwa kukosa ndege, au kwa kukosa amri iliyo wazi? Makala nyingi zilizoletwa kwa ajili ya toleo hili zilijikita hapo, na nyingi zimeachwa nje. Si kwamba maswali hayo hayana maana. Tatizo ni kwamba yanamsahau mwenye nyumba. Jeshi la Kongo, FARDC, ndilo lililopaswa kubaki pale wageni wakishafungasha.

Wageni wenyewe hawakukaa. Burundi waliingia Kivu Kusini Agosti 2022, Kenya wakafika Goma Novemba, na Desemba 2023 kikosi cha Jumuiya kikaondoka kwa sababu Kinshasa ilitaka vita dhidi ya M23, nacho hakikukubali kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Mwezi huohuo wakaingia Afrika Kusini, Tanzania na Malawi chini ya SADC. Machi 2025 wakuu wa SADC waliamua ujumbe huo nao ufungwe. Vikosi viwili vilipita ndani ya miaka isiyofika mitatu, na swali la nani atazishika ngome wageni wakiondoka likabaki palepale.

Msimamo wa jarida hili ni kwamba weledi wa jeshi haupimwi kwa kozi za ng'ambo wala kwa idadi ya droni. Unaanza na jambo ambalo wachambuzi wa mikakati hawapendi kuliandika: nani anajua jeshi lina askari wangapi, na mshahara wa koplo aliye Masisi, Kivu Kaskazini, unapita mikononi mwa nani.

FARDC ilipoundwa mwaka 2003, baada ya mazungumzo ya amani ya Sun City, waliokuwa maadui waliingizwa katika jeshi moja. Fedha zilitoka Kinshasa zikiwa taslimu, zikashuka ngazi kwa ngazi hadi kwa kamanda wa brigedi na wa batalioni, na kila aliyezishika alibakiza chake. Askari aliyekufa au kutoroka hakufutwa, maana jina likiendelea kusomeka daftarini, mshahara wake uliendelea kuingia mfukoni mwa mkubwa. Ndiyo maana brigedi iliyoonekana imekamilika kwenye karatasi ilifika vitani ikiwa pungufu, na mpiganaji mwenye njaa akageukia mihogo ya mwanakijiji. Kuanzia mwaka 2005 ujumbe wa Umoja wa Ulaya, EUSEC, ulisaidia kuwahesabu askari mmoja mmoja na kutenganisha njia ya malipo na njia ya amri. Kazi hiyo ya kihasibu iliugusa ugonjwa wenyewe kuliko mafunzo mengi ya medani, na inashangaza kwamba haimo katika makala hata moja tuliyoletewa.

Kisha tazama waasi wa CNDP. Kwa makubaliano ya 23 Machi 2009 waliingia jeshini wakiwa na makamanda wao, wakabaki Kivu. Walivaa sare ya taifa huku utii wao ukiwa kwingine. Mwaka 2012 waliasi kwa jina la tarehe hiyohiyo, M23, na Novemba wakaichukua Goma.

Kuna anayedai kwamba FARDC haiwezi kurekebishwa. Mwaka 2013 unamkanusha. Brigedi ya Umoja wa Mataifa yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Jenerali James Mwakibolwa, ilipata wenzake Wakongo wa kupigana nao bega kwa bega. Kanali Mamadou Ndala aliongoza vijana wake mstari wa mbele, na watu wa Goma walimshangilia barabarani. Novemba mwaka huo M23 ilishindwa. Kikosi hicho nacho kilikuwa cha kigeni, ila safari hii kilimkuta mwenye nyumba amesimama.

Baada ya hapo nyumba iliachwa tena. Serikali iliegemea makundi ya wanamgambo yaitwayo Wazalendo, na mwaka 2023 ikapitisha sheria ya jeshi la akiba iliyoyafungulia mlango. Ni mtego uleule wa 2009. Iliwaleta pia Waromania wa kukodi, wakilipwa mara nyingi zaidi ya askari Mkongo waliyesimama naye. Machi 2025 Rais Tshisekedi alitangaza kuwaongezea askari mshahara mara mbili. Hatua hiyo ni ya haki na imechelewa sana. Lakini daftari lisiposafishwa, askari hewa naye ameongezewa mara mbili.

Hata nje ya Kongo mshahara umewahi kuwa kiini. Watanzania wanapenda kueleza maasi ya jeshi lao ya Januari 1964 kama hadithi ya siasa: kambi za Colito na Tabora, makomando wa Kiingereza, kisha jeshi jipya la wananchi lililozaliwa Septemba. Madai yenyewe yalikuwa mshahara na maofisa wa Kiafrika. Nyerere alilivunja jeshi lote na kuanza upya kwa kuandikisha vijana, na hatua hiyo ya kuandikisha ndiyo inayostahili kusomwa Kinshasa, zaidi ya itikadi ya chama cha TANU iliyoandamana nayo.

Makala ya kwanza ya toleo hili inalinganisha utambulisho wa UPDF ya Uganda na wa RDF ya Rwanda, majeshi mawili yaliyotoka msituni; isomwe yote. Ile ya Cabo Delgado, Msumbiji, inaonyesha vizuri jinsi Rwanda ilivyoingia Julai 2021 kwa makubaliano ya nchi mbili huku SADC ikija kwa njia yake. Mapitio kuhusu Somalia ni mafupi na makini.

Mkutano wa pamoja wa Jumuiya na SADC uliofanyika Dar es Salaam tarehe 8 Februari 2025 ulizungumzia kusitisha mapigano na kufungua njia za misaada. Mpango wowote utakaofuata uwe na wakaguzi wa orodha za askari na malipo, wenye ruhusa ya kufika hadi ngazi ya kombania, na nchi zinazotoa vikosi ziweke sharti hilo kabla ya kupeleka mtu. Kwa toleo lijalo, jarida linawaomba wahasibu na maofisa utawala wa majeshi, walio kazini kwa ruhusa na waliostaafu, waandike jinsi malipo yalivyofanyika katika vikosi vyao.