Usitafute Mwenge ya Mbinga

Kila ninapowaambia watu wa Dar kwamba naelekea kusini, swali ni lile lile: "Sasa huko Mbinga kuna kituo cha sanaa? Kuna mahali mtu anaweza kununua vinyago?" Nikisema hakuna, basi, mazungumzo yanaishia hapo. Hakuna kituo, kwa hiyo hakuna sanaa. Safari inahamia Bagamoyo au Zanzibar.

Jamani, hebu tulifikirie hili kidogo. Sisi vijana wa mjini tuliosoma tumejifunza utamaduni kwa kufuata vibao vya barabarani. Pale Mwenge unashuka kwenye gari, unapita mabandani, unachagua twiga au mti wa watu uliochongwa kwa mtindo wa Kimakonde, unaomba upunguziwe, unafungiwa kwenye gazeti, umeondoka. Sina ugomvi na wachongaji wa Mwenge, wanakula jasho lao. Ugomvi wangu ni na sisi tunaodhani kwamba kisichowekwa bandani si sanaa.

Kichekesho ni kwamba mkoa huu huu wa Ruvuma ndio uliomtoa Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaenda Dar kutafuta maisha kama wengi wetu, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora kwenye vibao vya masonite kwa rangi za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972. Leo jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji, na watalii wanapanga foleni Oysterbay kuununua. Wangapi kati yao wanajua Tunduru iko wapi? Sisi wenyewe je?

Sasa turudi Mbinga. Kazi kubwa kuliko zote za mikono niliyoiona huko haiwezi kufungiwa kwenye gazeti. Inaitwa ngoro. Wamatengo wanaishi kwenye milima yenye miteremko mikali, mahali ambapo ukilima ovyo mvua moja tu inapeleka shamba lako lote bondeni. Wao wakabuni namna yao. Mvua zinapoelekea ukingoni, kuanzia mwezi wa tatu hivi, wanaume wanafyeka nyasi na kuziacha zikauke. Kisha nyasi zinapangwa kwa mistari, mingine ikishuka na mlima, mingine ikikatiza, mpaka mteremko mzima unakuwa na miraba. Hapo kinamama wanaingia na majembe. Wanachimba udongo katikati ya kila mraba na kuutupia juu ya nyasi pande zote nne. Linabaki shimo, limezungukwa na matuta, na nyasi zinaozea humo ndani na kuwa mbolea. Maharage yanapandwa juu ya matuta, na msimu unaofuata ni mahindi. Maji ya mvua yanatuama shimoni badala ya kuporomoka na udongo.

Ukisimama mlima wa pili ukautazama huo mteremko jua likiwa limeinama, utadhani mtu ameufuma. Mashimo kwa mamia, yamepangana kama sega la nyuki. Hakuna aliyetumia rula. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Kyoto, Japani, walikuja kujifunza ngoro miaka ya 1990. Mjapani anasafiri nusu ya dunia kuja kuangalia jembe la mama wa Kimatengo, sisi wa Dar tunauliza vinyago viko wapi!

Kutoka Mbinga barabara inateremka kwenda Mbamba Bay, kama kilomita 66, na siku hizi ni lami. Huko ni wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. (Upande wa pili wa maji wanaliita Ziwa Malawi, tusiingie huko leo.) Mitumbwi ya gogo moja bado inachongwa na bado inavua. Mikeka inasukwa barazani, huku watu wakiongea mambo mengine kabisa.

Na kuna vyungu. Katika ziwa hili mafundi wanaosifika ni kinamama wa Kikisi, kaskazini zaidi, chini ya milima ya Livingstone, kuanzia Ludewa hadi Ikombe karibu na Matema. Hawatumii gurudumu la mfinyanzi. Chungu kinazungushwa kwa mkono mpaka ukuta wake unakuwa mwembamba ajabu, kisha kinachomwa kwa moto wa wazi. Tangu zamani vyungu hivi vimesafiri kwa mitumbwi kwenda kuuzwa pwani nyingine za ziwa. Siku hizi vinashindana na ndoo ya plastiki. Ndoo haipasuki, ni nyepesi, na ni rahisi kuipata. Binti wa mfinyanzi anapiga hesabu zake, na sioni namna ya kumlaumu.

Hapo ndipo sisi wageni tunapoingia, kwa mema au kwa mabaya. Nilisafiri na rafiki yangu mmoja aliyebishana na mama mmoja juu ya bei ya chungu kwa karibu robo saa. Jioni ile ile alilipia bia tatu bila kuuliza chenji. Si mtu mbaya. Amezoea tu kwamba bia ina bei na chungu kina bei ya kuanzia. Na hakumuuliza yule mama jina lake. Mchoro wa Tingatinga una sahihi pembeni; chungu ukikifikisha Dar kinakuwa "chungu cha Nyasa", basi.

Wapo wanaosema dawa ni kujenga kituo cha utamaduni Mbamba Bay, karibu na fukwe. Sikatai moja kwa moja. Nyumba ya Sanaa ya Dar, iliyoanza mwaka 1972, iliwapa wengi mahali pa kazi na soko, George Lilanga akiwa mmoja wao. Lakini leo haipo tena pale ilipokuwa. Jengo likiondoka, waliozoea kuuzia humo wanaanza upya. Kinachonitia hofu zaidi ni watu wa kati: mwenye banda anachukua lake, mwenye gari anachukua lake, mfinyanzi anabaki na nauli. Na ngoma? Mganda, na mavazi yake meupe na mwendo wa gwaride uliotokana na askari wa enzi za ukoloni, utakatwa uwe wa dakika kumi kabla ya chakula cha mchana. Mimi ningependa kwanza tumfuate fundi nyumbani kwake, tulipe alichotaja, tuandike jina lake. Kama baada ya hapo mafundi wenyewe wanataka banda, walijenge na wakae na funguo.

Kwa anayetaka kwenda: kutoka Songea hadi Mbinga ni kama kilomita 100, mabasi yapo. Ila usiende Desemba. Ngoro mpya zinachimbwa kuanzia Machi, wakati ambao maofisini hakuna anayekupa likizo. Omba mapema.