Nani Amcheze Mzee Karume?

Jaws Corner, kwa wasioujua Mji Mkongwe, ni baraza letu la kahawa lililopewa jina la filamu ya papa. Siasa pale haimalizwi, inaahirishwa tu mpaka kesho. Wiki iliyopita ubishi ulikuwa wa filamu: siku ikitengenezwa filamu ya Mzee Abeid Amani Karume, nani amcheze? Mmoja akasema tafuteni mtu wa miraba minne mwenye sauti nzito, kazi imekwisha. Mwengine akadakia, "Mchukueni yule aliyecheza Idi Amin!" Watu wakaangua kicheko. Mie nikarudi nyumbani nimekereka, na hapa nataka kueleza kwa nini.

Amin kachezwa zaidi ya mara moja. Mwaka 1981 Mkenya Joseph Olita alimcheza katika Rise and Fall of Idi Amin. Sura ndiyo, mwili ndio, ungedhani ni yeye mwenyewe. Lakini alipewa zimwi alicheze, na zimwi halikufundishi kitu, maana hakuna anayelipigia makofi zimwi. Waganda walimpigia Amin makofi Januari 1971, tena kwa furaha ya kweli. Miaka 25 baada ya Olita akaja Mmarekani Forest Whitaker katika The Last King of Scotland. Akaenda Uganda kwenyewe, akajifunza Kiswahili, na 2007 akachukua Oscar. Kwa sura hafanani na Amin kiasi kile. Ila alimcheza mtu ambaye kwanza unampenda. Unacheka naye, halafu unashtuka: nilikuwa nacheka na nani? Kasoro ya filamu ile haiko kwake. Iko kwa yule daktari wa Kiskoti, mtu wa kutungwa kwenye riwaya, ambaye tunalazimika kuiona Uganda nzima kwa macho yake.

Sisemi Karume ni Amin. Anayesema hivyo hajui Uganda ilizika watu wangapi, wala hajapita Michenzani akatazama yale majumba. Na hili nawaambia wenzangu wa upinzani bila kupepesa macho. Wale wa Kisiwandui wanataka filamu ya malaika, sawa, tumewazoea. Lakini na sisi barazani tunataka filamu ya shetani. Zote mbili hazihitaji mwigizaji. Picha ya ukutani inatosha.

Mwigizaji bora wa Karume niliyewahi kumwona ni bibi yangu. Anaishi fletini Michenzani, na akiwa na raha zake jikoni humwigiza Mzee akihutubia: kidole juu, yale maneno ya kibaharia, maana Karume alizunguka dunia kwa meli kabla ya siasa na mzaha wake ulikuwa wa bandarini. Tunacheka mpaka machozi. Bibi anamshukuru kwa fleti, kwa skuli ya bure, na kwa eka tatu alizopewa baba yake. Halafu anafika kwenye foleni za mchele za mwanzo wa miaka ya 70, sauti inashuka. Akifika kwa kaka yake, aliyechukuliwa usiku asirudi tena, ananyamaza, anaendelea kukuna nazi. Dakika kumi tu, na mtu mzima kamili kapita mbele yako. Mwigizaji atakayekuja aanze kazi pale jikoni.

Na aongee Kiunguja, tafadhali! Tusiletewe nyota wa Bongo Movie aseme "shule" na "mwingine" mbele ya kadamnasi ya Raha Leo.

Mimi nasoma sheria, kwa hiyo mnisamehe, tukio ninaloliwaza kila siku si la risasi za Kisiwandui jioni ya tarehe 7 Aprili 1972. Ni kesi ya uhaini iliyofuata mwaka 1973. Filamu yoyote ya mahakamani unayoijua ina wakili anayesimama, anakohoa kidogo, anamhoji shahidi. Yetu haina. Kwenye Mahakama za Wananchi mawakili hawakuruhusiwa. Abdulrahman Babu alihukumiwa kifo hata mahakamani hakuwapo, kwa sababu alikuwa kizuizini Bara. Sasa wewe mtengeneza filamu utaipiga vipi picha ile? Mshtakiwa anaongea, na pembeni yake kiti kitupu. Na Luteni Humud, aliyefyatua risasi akauawa palepale, nani atakubali kumcheza? Kijana gani wa Unguja ambaye mamake hatamwambia, "Mwanangu, hiyo waachie wengine"?

Tukikaa kimya wengine wanatupiga picha. Waitaliano wa Africa Addio, 1966, walipita na ndege juu ya kisiwa hiki wakarekodi maiti za Mapinduzi kutoka angani. Mpaka leo ndo picha ambayo dunia inayo ya Januari 1964 yetu: vidoti. Hakuna uso, hakuna jina. Rais pekee ambaye sisi wenyewe tumemwona kwenye filamu kubwa ni Mama Samia katika Royal Tour ya 2022, naye alijicheza mwenyewe. Pale usaili haukuwa na ushindani.

Najua jibu: kuna Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Neno "sensa" limo kwenye jina, hawakuficha. Kifungu cha 18 cha Katiba ya Zanzibar kinatupa uhuru wa kutoa maoni, huku kikichunga maneno yake kuhusu sheria nyengine za nchi. Hapo ndipo pa kupambana. Andikeni mswada, upelekeni, mkikataliwa dai sababu kwa maandishi, halafu njooni tuzungumze habari ya kwenda mahakamani. Siku hizi mawakili wanaruhusiwa.

Nilimsomea bibi makala hii kabla ya kuituma. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kitu kimoja tu:

"Na kaka yangu, nani atamcheza? Alikuwa mwembamba, mrefu. Asije akachezwa na mtu mfupi."